Uoni wa gizani

Uoni wa gizani ni uwezo wa jicho kuona penye mwanga hafifu, kama vile wakati wa machweo, kwenye mbalamwezi au chini ya nyota. Penye giza totoro hakuna jicho linaloona, kwa kuwa kuona ni kupokea mwanga. Kwa binadamu uwezo huo unategemea mboni, seli za retina na vitamini A inayotoka katika chakula.

Jinsi jicho linavyozoea giza

Mtu akiingia gizani, mboni hupanuka kutoka kipenyo cha milimita 2 hivi na inaweza kufikia milimita 8, hivyo kupitisha mwanga mara 16 zaidi. Hata hivyo, kazi kubwa hufanywa na retina, yaani tabaka la seli lililotanda nyuma ya jicho.

Retina ina seli koni zipatazo milioni 6, ambazo hutambua rangi lakini huhitaji mwanga wa kutosha. Ina pia seli fimbo milioni 120 hivi. Hizo hazitofautishi rangi, lakini moja tu inaweza kuitikia fotoni moja. Ndiyo sababu gizani nguo nyekundu na ya kijani huonekana zote kijivu. Katikati kabisa ya retina hakuna seli fimbo, kwa hiyo nyota hafifu hutoweka ikikodolewa macho na huonekana tena mtu akitazama pembeni yake kidogo.

Ndani ya seli fimbo mna rodopsini, kemikali ya rangi ya zambarau iliyogunduliwa na Mjerumani Franz Boll mwaka 1876. Ni protini iliyoshika retinali, molekuli iliyopinda ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A. Mwanga ukiigonga, retinali hunyooka, na badiliko hilo huanzisha ishara inayofika ubongoni kupitia neva ya jicho. Kisha retinali hubanduka na rodopsini hupauka. Baada ya jua kali, kuitengeneza upya huchukua dakika 20 hadi 40. Dereva aliyetiwa kiwi na taa za gari lingine hupoteza sehemu ya akiba hiyo kwa mara moja.

Paka, mbuzi na komba wana tabaka linaloakisi mwanga nyuma ya retina, nalo hufanya macho yao yang'ae yakimulikwa. Binadamu hana.

Upofu wa usiku

Mwaka 1933 Mmarekani George Wald alikuta vitamini A ndani ya retina, na mwaka 1967 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Ugunduzi huo ulieleza kwa nini upungufu wa vitamini hiyo huanza kwa kuharibu uoni wa gizani. Mtoto anayecheza vizuri mchana huanza kujikwaa, au hukaa mahali pamoja jua likizama. Mara nyingi ni mama anayegundua, si daktari.

Katika hatua hiyo tatizo hutibika, na uoni unaweza kurudi ndani ya siku chache. Likipuuzwa, macho hukauka, konea hupata vidonda na kulainika, na mtoto huwa kipofu daima. Surua huharakisha hali hiyo kwa sababu hupunguza akiba ya vitamini A mwilini.

Vitamini A hupatikana katika maini, mayai na maziwa. Mwili huitengeneza pia kutokana na mboga za majani kama mchicha, papai, embe, viazi lishe na mafuta ya mawese ambayo hayajaondolewa rangi yake nyekundu. Mboga hizo zisipoliwa pamoja na mafuta kidogo, faida yake hupungua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miezi 6 hadi 59 wapewe matone ya vitamini A kila baada ya miezi 4 hadi 6 mahali ambapo upungufu ni tatizo la jamii.

Si kila upofu wa usiku unatokana na lishe. Mtoto wa jicho huzuia mwanga, na katika ugonjwa wa kurithi uitwao retinitisi pigmentosa seli fimbo zenyewe hufa, hivyo chakula hakiwezi kuzirudisha. Kumeza vitamini A nyingi bila ushauri ni hatari, hasa kwa mjamzito, kwani inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni.