MIJI MINNE ILIYOIZAA CAIRO, NA SOMO LA UJIRANI



Ndugu zangu katika imani, ukitaja Cairo leo hutaji mji mmoja. Kuna Cairo yenyewe mashariki ya mto Nile, Giza ng'ambo ya magharibi, Shubra al-Khayma kaskazini, na vitongoji vyake. Watu zaidi ya milioni 20. Nyumba zimeshikana hata hujui mji huu umekoma wapi. Je, wajua iliunganaje? Kaa nami kidogo.

1. FUSTAT. Mwaka 641, Amru bin Al-Aas (r.a.) aliuweka mji wa Waislamu kando ya ngome ya Warumi iitwayo Babiloni. Akajenga msikiti unaoitwa kwa jina lake mpaka leo, na kila kabila likapata mtaa wake. Watu wa Hamdan wakapenda ng'ambo, Giza. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) hakupendezwa na mto kuwatenga na wenzao. Walipokataa kuhama, akaamuru wajengewe ngome.

2. AL-ASKAR. Mwaka 750 Bani Abbas waliwaangusha Bani Umayya. Wakaweka kambi yao kaskazini ya Fustat.

3. AL-QATA'I. Mwaka 870 hivi, Ahmad bin Tulun naye akajenga mji wake, kaskazini zaidi. Mwaka 905 jeshi la Bani Abbas likaubomoa, likauacha msikiti tu.

4. AL-QAHIRA. Mwaka 969 jemadari Jawhar aliwajengea Mafatimi mji wenye kuta. Humo mlikuwa na khalifa, jamaa zake na askari. Raia wa kawaida walibaki Fustat, na huko ndiko zilikokuwa biashara na viwanda.

Umeona, ndugu yangu? Kila mtawala mpya alisogea mbele kidogo, akajitenga na wale aliowakuta.

Kisha likaja la mwaka 1168. Jeshi la Wafaranki lilipokaribia, waziri Shawar aliamuru Fustat ichomwe moto ili adui asiikamate. Al-Maqrizi anasimulia kuwa moto uliwaka siku 54. Watu walikimbilia Al-Qahira na watoto wao, wakalala misikitini, kwenye hamamu na njiani. Waliokuwa nje ya ukuta sasa walikuwa mlangoni, na mali zao zimekuwa majivu.

Salahuddin alipoiondoa dola ya Mafatimi mwaka 1171, Al-Qahira haikuwa tena ya wakubwa peke yao. Kuanzia mwaka 1176 alijenga ngome juu ya kilima katikati, akaanza ukuta mmoja wa kuzizunguka Al-Qahira na Fustat pamoja. Ukuta huo haukukamilika, lakini nia ilikuwa ni kuwafanya watu wa mji mmoja.

Somo letu ni hili: nyumba kushikana si watu kuungana. Leo miji yetu nayo inapanuka. Tunanunua viwanja, tunajenga ukuta na geti, na miaka mitatu inapita hatujui jina la jirani. Naye Jibril (a.s.) alimuusia Mtume wetu (s.a.w.) juu ya jirani mpaka akadhani atarithishwa!

Usingoje moto ndipo ufungue geti. Leo baada ya Isha, mgongee jirani yako, msalimie.

Allah atujaalie ujirani mwema. Amin. Mfikishie na mwenzako.