Kiti cha Enzi cha Silaha: Historia ya Msumbiji Ndani ya Vipande vya Chuma

Bendera ya Msumbiji ina jembe na bunduki vilivyopishanishwa juu ya kitabu kilichofunguliwa. Bunduki hiyo ni AK-47, silaha ya wapiganaji wa FRELIMO waliopambana na Wareno tangu 1964 hadi 1974. Anayetaka kueleza jinsi bunduki ilivyoingia katika fikra za taifa hilo hana budi kuanzia hapo: ilipewa heshima kabla ya kuleta maafa.

Maafa hayakukawia. Vita kati ya serikali na RENAMO, kundi lililoundwa kwa msaada wa Rodesia na baadaye kulelewa na Afrika Kusini ya makaburu, vilianza 1977, vikakomeshwa na mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992. Watu wapatao milioni moja walikufa. Bunduki zilibaki, nyingine zimefukiwa ardhini. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilishana: mleta bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwakatwa, na vipande vingine vikapewa wasanii wa Maputo.

Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, aliviunganisha mwaka 2001 vikawa kiti cha enzi. Na tukisome kiti hicho kama tusomavyo waraka. Mgongo ni bunduki za G3 zilizotengenezwa Ureno. Mikono ni AK-47 za Kisovieti; pa kukalia pametokana na bunduki za Poland na za Kicheki; mguu mmoja wa mbele ni mtutu uliotoka Korea ya Kaskazini. Hakuna kipande kilichofuliwa Afrika. Vitako vya zile G3 vina matundu mithili ya macho, na chini yake mwanya kama kinywa kinachotabasamu. Kester alieleza kwamba uso huo hakuuchonga, aliukuta.

Sisi tuliozoea vigoda vya Waluba, ambavyo sura ya mwanamke hubeba kikalio cha mtawala, twalitambua swali lake mara moja: mamlaka yamekalia nini?

Tangu 2002 kiti hicho kimo London, katika British Museum. Huko Msumbiji kwenyewe, mwaka 2005 lilifanyika shindano la kubuni bendera mpya. Bendera ya zamani ikabaki, pamoja na bunduki yake.