Chicago na Watoto Iliowafunga Maisha

Mwaka 1899 jimbo la Illinois lilifungua mjini Chicago mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani. Walioipigania walikuwa wanawake wa ustawi wa jamii, Jane Addams na Julia Lathrop wa kituo cha Hull House wakiwa mstari wa mbele, ambao walichoka kuona watoto wa wahamiaji maskini wakitupwa mahabusu pamoja na majambazi wazima. Hoja yao ni kwamba mtoto aliyekosa bado analeleka, kwa hiyo mahakama imtazame yeye na nyumbani atokako kabla ya kulitazama kosa. Kufikia mwaka 1925 karibu majimbo yote yalikuwa na mahakama za aina hiyo. Hata hivyo, kabla karne ya 20 haijakwisha, jiji hilohilo lilikuwa limempeleka gerezani mtoto aliyekosa akiwa na miaka 14, kwa hukumu ya kufia humo. Geuko hilo huelezwa kwamba lilitokana na kilio cha mitaa iliyochoshwa na mauaji. Nadhani maelezo hayo ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo kubwa zaidi.

Hakuna siku moja ambayo wabunge wa Illinois walikaa wakaamua kwamba watoto wafungwe maisha. Mambo yalijengeka kipande kwa kipande. Mwaka 1978 jimbo lilifuta utaratibu wa parole, yaani kumwachilia mfungwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, hivyo tangu hapo kifungo cha maisha kikawa maisha kwelikweli. Mwaka 1982 likaamuru kwamba mtoto wa miaka 15 au 16 anayeshtakiwa kwa mauaji apelekwe moja kwa moja mahakama ya watu wazima, bila jaji kuulizwa. Sheria nyingine ilisema aliyeua zaidi ya mtu mmoja lazima afungwe maisha, na nyingine tena ilimhesabu msaidizi wa muuaji sawa na muuaji mwenyewe. Kila kipande kilikuwa na sababu yake. Vilipokutana, vilimnasa kijana wa Chicago wa miaka 15 ambaye mwaka 1997 aliombwa na wakubwa wake asimame kuangalia kama kuna mtu anakuja. Hakushika bunduki. Risasi zilipolia alikimbia, na watu wawili wakafa. Jaji alikataa kumfunga maisha, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya jimbo ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo kwa kosa kama hilo ilikiuka katiba. Lakini huruma yenyewe ilikuwa miaka 50.

Hofu ya wakati ule haikuwa ya kubuni. Mwaka 1992 Chicago ilihesabu mauaji 943. Kokeini ya kuvuta, ile waliyoiita crack, ilikuwa imeingia vichochoroni, na vijana waliopewa kazi ya kuiuza walipewa pia bastola. Mwaka 1994, katika mtaa wa Roseland upande wa kusini wa jiji, mtoto wa miaka 11 alifyatua risasi zilizomuua msichana wa miaka 14. Siku chache baadaye yeye naye aliuawa na vijana wa genge lake mwenyewe, mmoja wa miaka 14 na mwingine 16. Sura yake ikawekwa kwenye jalada la jarida la Time. Mwaka uliofuata profesa John DiIulio wa Princeton aliandika kwamba kinakuja kizazi cha watoto wasio na utu, akawapa jina la wanyama wawindaji, na wanasiasa wa vyama vyote viwili wakalidaka. Kati ya mwaka 1992 na 1997 majimbo mengi yalirahisisha kumpeleka mtoto mahakama ya watu wazima.

Tazama lakini kisa cha Roseland kwa macho ya jirani. Aliyeuawa ni mtoto wa mtaa, aliyeua ni mtoto wa mtaa, waliomuua muuaji ni watoto wa mtaa, na muuaji mwenyewe alikuwa na rekodi ndefu ya kuteswa tangu utotoni ambayo ofisi za serikali ziliijua. Msomaji wa gazeti aliye mbali aliona mnyama anayefaa kufungiwa. Jirani aliona nyumba tatu au nne anazozifahamu, zote zimeingia msibani. Watu wawili hao wanaogopa kitu kimoja, lakini hawaogopi kwa namna moja, na sheria ilifuata hofu ya yule wa mbali.

Wapo watakaosema kwamba hao majirani wenyewe ndio walioomba mkono mzito. Ni kweli, na wanaotetea watoto hawapaswi kulikwepa jambo hili. Mwanasheria James Forman Jr., katika kitabu chake cha mwaka 2017, anaonyesha jinsi viongozi weusi wa Washington, wachungaji na akina mama waliopoteza watoto walivyodai polisi zaidi na vifungo virefu. Lakini anaonyesha pia kwamba waliomba shule, ajira, nyumba na matibabu ya waraibu katika pumzi hiyohiyo. Katika orodha nzima ile, serikali ilichagua gereza, kisha ikasema imewasikiliza.

Pingamizi la pili ni kwamba dawa ilifanya kazi, kwa sababu uhalifu ulishuka. Ulishuka kweli. Mauaji yanayofanywa na vijana yalifikia kilele mwaka 1993 na 1994, kisha yakapungua kwa zaidi ya nusu, hata katika majimbo yasiyokuwa na sheria kali kama za jirani zao. Kizazi kilichotabiriwa hakikutokea, na DiIulio mwenyewe alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotia saini maelezo yaliyopelekwa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Miller ya mwaka 2012, iliyohusu watoto kufungwa maisha, kukiri hivyo. Philadelphia inatoa ushahidi mwingine: katika watu 174 waliofungwa maisha utotoni kisha wakaachiliwa, utafiti wa mwaka 2020 ulikuta wawili tu waliotiwa hatiani tena. Takwimu hii isipakwe rangi kupita kiasi, maana wengi walitoka wakiwa na umri mkubwa na walichujwa kwanza. Ila inatosha kuvunja dai kwamba mtoto aliyeua hawezi kubadilika.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wafiwa. Mwaka 1990, huko Winnetka, kitongoji cha matajiri kaskazini ya Chicago, kijana wa miaka 16 aliwaua mume na mke mjamzito ndani ya nyumba yao, akafungwa maisha. Dada mmoja wa mke aliyeuawa alisimama kwa miaka mingi kutetea hukumu hizo, akisema serikali iliwaahidi wafiwa kwamba hawataitwa tena mahakamani kukumbushwa yale yaliyotokea. Dada mwingine, Jeanne Bishop, wakili wa utetezi wa umma, alianza na msimamo huohuo, kisha akaanza kumtembelea muuaji gerezani na kuandika kitabu cha kupinga hukumu hizo. Msiba ni mmoja na damu ni moja, lakini madai ni mawili. Sheria inayotungwa kwa jina la wafiwa wote haina budi kueleza imemsikiliza yupi. Tena iwaeleze wafiwa wa mitaa ya Chicago kama Roseland na Englewood, ambako mauaji mengi huishia bila mtu yeyote kushtakiwa. Mama ambaye muuaji wa mwanawe hajawahi kukamatwa hasaidiwi na urefu wa kifungo cha mtoto wa mwingine.

Ripoti ya mwaka 2005 ya Human Rights Watch na Amnesty International ilihesabu Marekani zaidi ya wafungwa 2,200 waliofungwa maisha bila parole kwa makosa ya utotoni. Nje ya hapo ilipata kama 12 tu katika nchi tatu, Tanzania ikitajwa miongoni mwao. Katika Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Miller ilipiga marufuku hukumu hiyo inapotolewa kwa lazima, ile ya Montgomery mwaka 2016 ikawafikia waliokwisha kufungwa, na ile ya Jones mwaka 2021 ikarudisha hatua moja nyuma. Illinois ilipitisha mwaka 2023 sheria ya kufuta kifungo cha maisha bila parole kwa wengi wanaokosa kabla ya kutimiza miaka 21. Sheria hiyo inawahusu watakaohukumiwa kuanzia hapo. Waliohukumiwa zamani haiwagusi.