Kadi ya Grafiki Ingoje

Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alichukua mivukuto na pampu za hewa za vinanda akazifunga chini ya kibanda chenye umbo la ndege ndogo. Kibanda kikainama, kikageuka, kikainua pua. Miaka ya mwanzo walioipenda mashine hiyo ni wenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, marubani wake wakafa mmoja baada ya mwingine katika giza na hali mbaya ya hewa ya majira ya baridi, ndipo likanunua mashine sita za Link.

Namtaja Link, aliyeanza na vifaa vya vinanda, kwa sababu ukisoma magazeti ya kompyuta ya Ulaya na Marekani leo unaweza kudhani urubani wa mezani, yaani kurusha ndege ya kuigiza kwenye kompyuta, ni mchezo wa matajiri tangu siku ya kwanza. Ushauri wao una mpangilio mmoja: anza na kadi ya grafiki kubwa kuliko zote unazoweza kulipia, kisha tafuta prosesa ya kuitosha, kisha ramu, na mwakani urudi dukani. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ilipendekeza ramu ya gigabaiti 16 na kutaka nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski. Ya 2024 imepandisha pendekezo la ramu hadi 32, na kwa anayetaka raha kamili, 64. Wapimaji huketi na kadi kumi, hurusha ndege juu ya London au New York, huhesabu fremu kwa sekunde, hutoa jedwali. Siwalaumu. Umeme wao haukatiki ovyo, intaneti yao haihesabiwi kwa bando, na chumba chao kina ubaridi. Katika hali hiyo kinachobaki kupimwa ni kadi.

Sasa njoo Tanga. Unyevu wa bahari unaingia mpaka sebuleni, na ukifungua kasha la kompyuta lililokaa karibu na ufuo mwaka mzima utakuta vumbi limeshikana kwenye feni kama tope kavu, na skrubu za nyuma zimeanza kutu. Umeme hukatika, tena hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua. Mashine zenyewe nyingi ni za mtumba: kompyuta za ofisi za Dell na HP zilizostaafishwa Ulaya na Marekani, zikapitia Dubai au zikashushwa moja kwa moja Dar es Salaam. Windows 11 iliongeza mkondo huo, kwa kuwa inakataa prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, hivyo ofisi nyingi zikatupa mashine zilizo nzima kabisa.

Anayetaka kujenga simuleta katika mazingira haya hana haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Ashuke Deep Sea, ufuo wa wavuvi hapa Tanga, au aende vijiji vya Tongoni na Kigombe, amtazame fundi wa vyombo akikagua mashua iliyopandishwa pwani. Fundi hashughuliki na tanga kwanza. Anapita na nyundo, anagonga ubao mmoja mmoja, anasikiliza. Penye mlio mzito wa mti uliooza anachora alama. Anakagua mkuku, anakagua mataruma, ndipo anatoa mbao mbovu, anaweka mpya, anakalafati kwa pamba na mafuta. Tanga jipya kwenye chombo chenye mkuku mbovu huharakisha kuzama tu, na mwenye chombo akilazimisha, fundi mwenye heshima atamwambia atafute mtu mwingine.

Mafundi wetu wa kompyuta, wengi wao vijana hodari, bado hawajawa na ukali huo. Mteja akija na kompyuta ndogo ya ofisi akasema anataka kurusha ndege, anauziwa kadi. Hakuna anayesoma karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa wati 75 tu, na kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wake kutoka pawa saplai, waya ambao kompyuta nyingi za aina hiyo hazina. Kwa kasha jembamba, kadi ya umbo fupi isiyotaka waya, kama GTX 1650, ndiyo mwisho wa safari. Zaidi ya hapo unabadilisha kasha, pawa saplai na madabodi, yaani unajenga chombo kipya.

Kosa jingine la kwetu ni ibada ya kibandiko. Mtu anaona «Core i7» anatoa pesa bila kuuliza kizazi. Core i7-2600 ni ya 2011. Core i3-12100, iliyotoka 2022, inaishinda katika kila kazi. Na simuleta za ndege zina tabia inayoifanya tofauti hiyo iume zaidi: sehemu kubwa ya hesabu hupangwa foleni kwenye kiini kimoja, hivyo viini vingi vya zamani havimfai rubani kama kiini kimoja chepesi. Ndiyo maana Ryzen 7 5800X3D ya 2022, yenye akiba ya ndani ya megabaiti 96, ilipendwa mno na marubani wa mezani. Iliingia kwenye madabodi nyingi za soketi ya AM4, iliyoanza 2016, baada ya kusasisha programu ya madabodi. Hapo hata Wazungu walifanya kazi ya fundi wa Deep Sea: ubao mmoja ulitoka, ubao mmoja ukaingia, chombo kikaenda.

Tena, unaruka wapi? Ndege ndogo za Cessna Caravan huunganisha Tanga na Pemba na Unguja, na Caravan hiyo imo ndani ya Microsoft Flight Simulator. Ukiruka kutoka uwanja wa Tanga kwenda Pemba, kilomita zipatazo 80, sehemu kubwa ya njia ni Mkondo wa Pemba: maji, mawingu, upeo. Kompyuta haina maghorofa elfu ya kuchora. Mashine inayokwama-kwama juu ya New York inaweza kuteleza vizuri hapa. Kwa ndege ya kasi ya Caravan, fremu 30 zilizotulia zinatosha. Anayetaka miwani ya kuzama ndani ya mchezo, huyo atafute bajeti nyingine.

Intaneti nayo ina neno. Simuleta ya Microsoft huvuta ardhi kutoka mitambo ya mbali wakati unaruka. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Simuleta nyingine, X-Plane, ambayo huweka mandhari yake kwenye diski yako, haijali siku kama hizo. FlightGear, ya bure, hukubali kupakuliwa mandhari mapema na huendeshwa kwenye Linux hata na mashine iliyokataliwa na Windows 11. Picha yake si nzuri kama ya Microsoft, lakini anayejifunza kushika mwelekeo katika upepo wa kusi atajifunza vilevile.

Kwa hiyo kwa mkazi wa ufuo huu ninageuza mpangilio wa magazeti: kwanza UPS inayotuliza umeme, kisha pawa saplai ya kuaminika, kisha SSD na ramu, kisha prosesa, na mwisho kadi. Fimbo ya kurushia nunua yenye vihisio vya sumaku, kwa sababu ile ya kusuguana huanza kutetemeka mapema ikiingiwa na vumbi na unyevu. Na ukifika dukani, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie muuzaji afungue ubavu wa kasha akuonyeshe wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai. Akikataa, nenda duka la pili.