Chambo cha mpira kwa maji ya Kitui na Makueni

Watu wa Malindi na Mambrui wanaijua rangi ya maji ya Athi hata kama hawajafika Ukambani. Mto huo unaopita mpakani mwa Makueni na Kitui hubadilika jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na mvua kubwa ikinyesha bara ni bahari yetu inayogeuka kahawia. Naanzia hapo kwa sababu rangi hiyo ndiyo inayoamua ununue chambo gani. Vijana wanaopanda bara na mishipi yao huniuliza bei kwanza, maji baadaye.

Vyambo vya mpira, yaani vile vinyoo na visamaki laini vya kuvika kwenye ndoana, vilipata umaarufu kwa besi, samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana. Mnyoo wa plastiki ulitengenezwa na Nick Creme wa Akron, Ohio, mwaka 1949. Besi mwenyewe alikuwa ameshaletwa Kenya, Ziwa Naivasha, mwaka 1929. Huyu huwinda zaidi kwa macho, akijificha kwenye majani na kumvamia anayepita. Ndiyo maana paketi nyingi zimejaa rangi za kung'aa na michoro ya macho. Kwa Naivasha, sawa.

Lakini Masinga na Kiambere, mabwawa ya mto Tana upande wa Ukambani, na kando ya Athi, tarajia perege na kambare. Kwa perege usitoe hata shilingi kununua mpira. Chakula chake kikubwa ni mwani na vitu vidogo vidogo majini, na ndoana ndogo yenye mnyoo wa udongoni au tonge la ugali inamtosha.

Kambare ndiye wa kufikiriwa. Macho yake ni madogo, ila ana sharubu nane za kupapasa na kuonja, naye huhisi maji yakitikisika. Basi acha rangi za duka, tafuta mkia. Chagua kisamaki chenye mkia bapa kama kasia, unaopiga maji hata ukivutwa polepole, urefu wa sentimita 8 hadi 10. Rangi iwe nyeusi au zambarau iliyoiva, maana kwenye maji ya tope kivuli cheusi huonekana kuliko rangi hafifu. Yale ya rangi ya samaki halisi, yanayopitisha mwanga, yaweke kwa siku za maji maangavu. Kisha chomeka kipande cha samaki mbichi kwenye ndoana, kwa kuwa harufu ya mpira peke yake haimvuti kambare kutoka mbali.

Kama unataka kitoweo tu na utakaa mahali pamoja, mimi ningekwambia maini ya kuku yanashinda mpira wowote. Mpira una faida ukiwa unatembea ukingoni ukirusha huku na huku, kwa sababu hauchomoki kila ukirusha kama maini.

Kwenye mabwawa haya kuna visiki na matawi chini ya maji. Pitisha ndoana kichwani mwa chambo, igeuze, kisha ifiche ncha ndani ya mpira. Samaki akibana, ncha hutokeza. Chubwi liwe jepesi kadiri unavyoweza kuhisi chini. Wavuvi wetu wa mshipi waliozoea chubwi zito la bahari hunasa hapa kila mara.

Usiache paketi juani wala kwenye gari lililofungwa. Mpira huu ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta, hupinda kwa joto, na mkia uliopinda haupigi maji. Aina mbili tofauti zikiwekwa pamoja zinaweza kuyeyushana. Vilivyokatika rudi navyo nyumbani, kwani haviozi na samaki huvimeza.

Kabla ya kwenda, ulizia kibali kwenye ofisi ya uvuvi ya kaunti. Na chambo kikinasa, kata mshipi. Masinga, Kiambere na Athi kote kuna mamba na viboko, na wenyeji hawaingii majini kwa ajili ya kitu cha shilingi mia. Simama hatua kadhaa kutoka ukingoni, hasa jioni, na usisafishie samaki pale pale unapovulia.