Shule zikifungwa, redio inaweza kufundisha? Historia inajibu

Vita vikifika mahali, shule ndiyo ya kwanza kufungwa na ya mwisho kufunguliwa. Madarasa yanageuka mahali pa kulala, mabenchi yanakuwa kuni, walimu wanakimbia pamoja na wanafunzi wao. Katika makambi na katika familia zinazopokea wageni, wazazi wanaulizana: mtoto asiye na darasa, je, redio ao telefone inaweza kumfundisha?

Swali hilo si jipya. Watu wa inchi nyingine maskini walijiuliza kabla yetu, na jibu lao limepimwa kwa zaidi ya miaka 70. Tulifuate tangu mwanzo.

Padri, redio na jirani

Mwaka 1947, katika kijiji cha Sutatenza, kwenye milima ya Boyacá inchini Kolombia, padri kijana José Joaquín Salcedo alifunga mtambo mdogo wa redio. Wakulima wengi wa kule hawakujua kusoma, na shule ilikuwa mbali. Mtambo huo ulikua ukawa Radio Sutatenza, iliyofundisha kusoma, kuandika, hesabu, afya na ukulima kwa karibu miaka 40.

Lakini tuangalie namna ilivyofanya kazi. Redio haikuachwa peke yake. Majirani walikusanyika katika nyumba moja, na mmoja wao aliyejua kusoma, hata kama ni kidogo, alisimama mbele ya ubao. Mwalimu wa redio aliposema waandike herufi fulani, yule jirani aliiandika ubaoni, kisha akapita kuangalia kila mtu ameandika nini. Hakuwa na diploma. Redio ilileta somo, yeye akahakikisha limeingia. Pamoja na redio kulikuwa na vitabu vidogo, na tangu 1958 gazeti la El Campesino, maana yake Mkulima, ili mtu aliyejifunza kusoma apate kitu cha kusoma.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika

Mwaka 1973, majirani zetu wa Tanzania walifanya jambo kama hilo kwa Kiswahili. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Redio ilifundisha juu ya malaria, kuhara, minyoo, kichocho na kifua kikuu, na watu karibu milioni 2 walishiriki.

Hapa tena, redio haikuwa peke yake. Viongozi wa vikundi walifundishwa kwanza, wakapewa vitabu. Kikundi kilisikiliza kipindi, kisha redio ikazimwa, na watu wakaanza kuulizana: sisi hapa kijijini tufanye nini? Matokeo yakaonekana kwa macho: vyoo vilichimbwa, majani yakafyekwa pembeni ya nyumba, maji yaliyosimama yakafukiwa. Wazee wa kule waliosikiliza vipindi hivyo bado wanaikumbuka kampeni ile kwa jina lake.

Redio inayonyamaza ili mtoto ajibu

Hao walikuwa watu wazima. Kwa watoto, hatua kubwa ilifanyika Nicaragua kuanzia mwaka 1974. Wataalamu wa inchi hiyo pamoja na Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani walitengeneza masomo ya hesabu kwa ajili ya shule za msingi. Sauti ya redio iliuliza swali, halafu ikanyamaza sekunde chache. Watoto wakajibu wote kwa sauti kubwa. Kisha redio ikatoa jibu la kweli, ili kila mmoja ajue kama amekosa. Mwalimu alibaki darasani akiwasimamia. Walipopimwa, watoto waliosoma kwa redio walipata alama za juu kuliko wenzao waliosoma bila hiyo redio.

Njia hiyo ilifika Kenya miaka ya 1980, ikafundisha Kiingereza katika madarasa matatu ya kwanza. Na inchini kwetu, mradi PAQUED, ulioanza mwaka 2009, ulipeleka masomo ya namna hiyo katika shule za Bandundu, Équateur na Orientale ya zamani.

Redio za Kivu

Sisi wa Kivu tulijifunza kuamini redio katika miaka ya taabu. Mwaka 1993, Radio Maendeleo ilianza Bukavu. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa wingi, ikaanza hapo hapo Bukavu Radio Agatashya, ambayo kwa Kinyarwanda maana yake ni mbayuwayu. Ilisaidia familia kupata habari za kweli, mpaka vita vya 1996 vikaizima. Waliokuwa nyuma yake walikuwa wamekwisha kuanzisha Fondation Hirondelle, jina la ndege yule yule kwa Kifaransa, na tarehe 25 Februari 2002, pamoja na MONUC, wakafungua Radio Okapi.

Redio hizo hazikuwa shule. Lakini zilizoesha familia zetu kukaa pamoja saa moja, kusikiliza, kisha kuzungumza juu ya yale waliyosikia. Desturi hiyo ni mali.

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga shule zote za inchi, Radio Okapi, wizara ya elimu na UNICEF walirusha masomo kwa jina la Okapi École. Lilikuwa jambo jema. Lakini somo la redio linapita hewani kwa saa yake. Mtoto aliyekuwa shambani ao kwenye maji saa ile, lilimpita. Na hata aliyelisikia, akikosa kuelewa, redio haikuona uso wake. Ilihitajika mtu wa kukaa karibu naye na kumuuliza.

Mashine bila mtu

Kuna wanaosema redio imezeeka, tulete kompyuta. Peru ilijaribu. Kuanzia 2008 serikali yake iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi, wengi wao wa vijijini. Mwaka 2012, uchunguzi wa Benki ya Maendeleo ya Amerika ulionyesha kwamba watoto waliozipata hawakuwapita wenzao, si katika hesabu wala katika lugha. Kompyuta zilikuwa nzuri, lakini walimu hawakutayarishwa vya kutosha, na mashine haikujua kazi ya kufanya yenyewe.

Tofauti inaonekana katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, ambako ndugu zetu Wakongomani wanaishi tangu 1996. Huko, kama vile katika kambi kadhaa za wakimbizi hapa Kongo, kuna madarasa ya mpango ambao UNHCR na Vodafone Foundation waliuanzisha mwaka 2013. Sanduku moja linabeba tableti, kompyuta, mashine ya kuonyesha picha ukutani na betri. Linatumiwa na darasa zima chini ya mwalimu, na walimu wanafundishwa namna ya kulitumia. Mtoto hapewi chombo na kuachwa peke yake.

Kwa hiyo tufanye nini

Kutoka Sutatenza mpaka Nyarugusu, somo ni moja: chombo kinafundisha pale ambapo kuna mtu pembeni yake. Na huyo mtu, katika makambi yetu, mara nyingi yupo. Mwalimu aliyekimbia bado ni mwalimu. Msichana aliyemaliza darasa la sita anaweza kusimamia watoto wa darasa la pili.

Kwa hiyo, wazazi, msingoje kila familia iwe na redio yake. Redio moja inatosha watoto 10 ao 15. Changeni mawe ya redio. Chagueni saa moja isiyogongana na kwenda maji wala kutafuta kuni, kwa sababu wanaotumwa zaidi ni wasichana, na ndio wanaokosa somo kwanza. Mwenye telefone inayoweza kurekodi arekodi kipindi, ili asiyekuwepo asikie jioni. Redio ikimaliza, izimwe, na msimamizi aulize maswali.

Watangazaji wa redio zetu za mitaa, na sisi tuna kazi. Tukisoma somo, tuache kimya kidogo mtoto ajibu. Na tulirudie kesho yake.

Mashirika yanayoleta vyombo, fikirieni pia posho ya msimamizi. Chombo kinaweza kuibwa ao kuharibika, lakini mtu aliyezoea kufundisha ataendelea hata kwa mkaa juu ya ubao.

Jambo la mwisho ni dogo lakini lina uzito. Mtoto anayekaa miaka miwili bila kushika daftari hurudi shule kwa shida: msichana anaolewa mapema, mvulana anaenda kwenye machimbo ao kwenye silaha. Basi msimamizi awe na daftari moja la majina. Kila siku aandike tarehe, nani amekuja na wamejifunza nini. Siku shule itakapofunguliwa, mzazi atampelekea mkurugenzi daftari hilo, na mkurugenzi ataona mtoto aanzie darasa gani.