Kwa nini puto la Mara hupaa alfajiri

Leo tuziweke kando programu na seva, tuzungumzie mashine isiyo na injini wala usukani.

Mtu aliyepanda puto Maasai Mara akianza kusimulia, kwanza atakueleza alivyoamshwa saa kumi alfajiri, giza totoro, akapakiwa kwenye gari huku meno yakigongana kwa baridi. Picha za jua likichomoza huja baadaye. Wengi hudhani saa hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya hizo picha. La hasha! Jua ni nyongeza tu. Kinachowaamsha watu ni hesabu, na nyuma ya hesabu hiyo kuna teknolojia iliyoshindwa na mpinzani wake, ikawekwa kando kwa zaidi ya miaka 170, kisha ikarudi kwa sababu ya kitu ambacho huenda unacho jikoni kwako.

Twende Ufaransa, mwaka 1783. Joseph na Étienne Montgolfier walitoka katika familia ya watengenezaji karatasi mjini Annonay. Juni 4 walirusha puto la kitambaa na karatasi lililojaa hewa ya moto. Septemba 19, huko Versailles, mbele ya mfalme, walirusha kondoo, bata na jogoo. Halafu Novemba 21 Pilâtre de Rozier na Marquis d'Arlandes wakapaa juu ya Paris kwa dakika 25 hivi. Jamaa hawa walikuwa wakilisha moto majani makavu kwa mikono yao, chini ya mfuko wa kitambaa na karatasi, huku wakizima cheche kwa sifongo zenye maji. Fikiria hiyo ndiyo safari ya kwanza ya binadamu kuruka bila kamba.

Siku kumi tu baadaye mpinzani akatokea. Jacques Charles alipaa na puto la haidrojeni, akakaa hewani zaidi ya saa mbili. (Lake la majaribio, lisilo na mtu, lilikuwa limeanguka kijiji cha Gonesse mwezi Agosti, wanakijiji wakalishambulia kwa majembe wakidhani ni zimwi.) Kwa ukubwa ule ule, haidrojeni huinua uzito takriban mara nne ya hewa ya moto, na haihitaji mtu wa kuchochea. Ushindani ukaisha hapo. Pilâtre alijaribu kuunganisha mifumo yote miwili katika puto moja, haidrojeni juu na moto chini. Ndiyo, umesoma sawasawa. Juni 15, 1785 alianguka akijaribu kuvuka kwenda Uingereza, akafa pamoja na mwenzake Pierre Romain.

Kwa hiyo Jules Verne alipoandika riwaya yake ya mwaka 1863 kuhusu safari ya wiki tano ndani ya puto, ikianzia Zanzibar, lilikuwa la haidrojeni. Verne mwenyewe hakuwahi kukanyaga huku kwetu. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1962, mwandishi Mwingereza Anthony Smith aliamua kuijaribu hadithi ile kwa kweli. Puto lake liliitwa Jambo. Lilivuka kutoka Zanzibar hadi bara, kisha likapelekwa kwenye mbuga za kaskazini mwa Tanganyika. Ndani ya kikapu alikuwemo mpiga filamu kijana, Alan Root.

Jambo liliruka, lakini hebu fikiria gharama. Haidrojeni huja kwenye mitungi mizito ya chuma, na ukishatua unaiachia gesi hewani. Kila safari ni mzigo mwingine wa mitungi. Huwezi kuendesha biashara ya kila siku namna hiyo.

Jibu lilikuwa limeshapatikana Marekani. Oktoba 22, 1960, huko Bruning, Nebraska, Ed Yost alipaa na puto la nailoni lenye kichomeo cha propani, kwa fedha za utafiti za jeshi la majini. Propani ni ndugu wa gesi ya mtungi tunayopikia; hiyo yetu huwa ni propani na butani zikiwa zimechanganywa. Ukiigandamiza inakuwa kimiminika, inakaa ndani ya mtungi mdogo, na moto unaufungua na kuufunga kwa koki. Wazo la akina Montgolfier halikuwa na kosa lolote. Lilikosa fueli tu.

Root naye alihamia hewa ya moto. Mwaka 1974 yeye na mkewe Joan walipita juu ya Kilimanjaro kwa puto, na mwaka 1976 akaanzisha safari za watalii pale Keekorok, Maasai Mara.

Sasa ile hesabu. Mara iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Alfajiri, kwenye nyuzi 15, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.02 hivi. Ipashe hadi nyuzi 100, inabaki 0.79. Tofauti hiyo ya gramu 230 ndiyo inayokubeba. Tuseme puto lina mita za ujazo 10,000: linainua kilo 2,300, pamoja na kitambaa, kikapu na mitungi. Ngoja hadi mchana, nyuzi 28, tofauti inashuka hadi gramu 190. Umepoteza kilo 400, yaani abiria watano au sita, na mfuko ni ule ule.

Na hiyo ndiyo shida ndogo. Ardhi ikishapata joto, hewa huanza kupanda kwa mafungu yasiyotabirika, na upepo wa chini huongezeka, hivyo kikapu hukokotwa wakati wa kutua. Moto nao bado ni moto: Februari 26, 2013, huko Luxor, Misri, puto la watalii wa alfajiri lilishika moto likiwa linatua, watu 19 wakafa. Ndiyo maana rubani akitazama anga na kusema leo haturuki, usibishane naye hata kama umeshalipa.

Usukani bado haupo. Rubani hupanda au hushuka akitafuta upepo unaoelekea anakotaka, na huko chini gari linamfuata, dereva akibahatisha njia kati ya nyumbu.